Nina vyumba sita Mbagala nataka nifike ishirini, nimekwama wapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni nesi, nimeajiriwa serikalini. Nina nyumba ya kupangisha Mbagala, vyumba vinne ni singo vya choo cha kushea napangisha 50,000 kila kimoja, afu kuna viwili selfu (choo ndani) vya chumba na sebule, hivyo ni 120,000 kila kimoja. Nina akiba ya milioni 9 na kiwanja Vikindu nilinunua kwa karatasi ya mauziano tu, nataka nijenge apatimenti nne pale. Benki wamenikatalia mkopo wa nyumba ila wako tayari kunipa mkopo wa mshahara milioni 20 kwa miaka minne. Mume wangu anasema nisubiri, wenzangu kazini wanasema chukua. Mwaka wa tano huu niko na vyumba vilevile sita, sikui. Nifanyeje? Au niuze tu kiwanja?

JIBU: Marahaba dada, na hongera, maana kumiliki vyumba sita Mbagala kwa mshahara wa unesi sio jambo la kila mtu. Nitakujibu kwa urefu kidogo kwa sababu swali lako naulizwa sana, na karibu kila anayeuliza anaanza na mkopo wakati tatizo lake liko nyuma ya mkopo. Nikwambie mapema ili usome ukijua naenda wapi: mimi sioni kama umekosa mtaji, naona ile nyumba ya Mbagala hujaimaliza. Ina hela ndani yake ambayo hujaitoa, na haina karatasi za kumfanya mtu mwingine aamini hiyo hela ipo.

Tuanze na hesabu. Wewe kichwani una laki 4 na 40 kwa mwezi, yaani 5,280,000 kwa mwaka, na bila shaka ndo unayomwambia afisa wa benki. Haya chukua daftari. Mwaka jana kuna selfu ilikaa tupu? Tuseme moja ilikaa miezi miwili, hapo 240,000 imeondoka. Zile singo nne kila moja ikikaa tupu mwezi mmoja tu katikati ya mpangaji kuhama na mwingine kuingia, laki 2 nyingine. Kuna yule aliyeondoka usiku na godoro lake anadaiwa miezi mitatu, kila mwenye nyumba anaye, weka 150,000. Karo la choo umenyonya mara mbili kwa sababu choo kimoja wanatumia kaya nne, weka 240,000. Vitasa, koki, rangi chumba kinapohamwa, bati linalovuja, wiring ya chumba cha kona, weka laki 6 kwa mwaka mzima na hapo nimekuhurumia. Mpaka hapa umebaki na 3,850,000. Mtu wa kodi ya serikali, TRA, hujamweka bado. Tenga kama asilimia 10 ya kilichoingia mkononi, yaani karibu 469,000, halafu ukienda ofisini kwao na rekodi zako watakukokotolea kinachokuhusu hasa. Umebaki na milioni 3 na laki 3 na kidogo kwa mwaka, gawa kwa 12 unapata kama 281,000 kwa mwezi.

Tarakimu zangu ni za kukadiria, weka zako, lakini sijawahi kuona mtu anaweka zake afu inapanda. Inashuka tu. Na hiyo 281,000 ndo hela halisi ya biashara yako, sio 440,000.

Sasa iweke pembeni ya mkopo wako. Milioni 20, miaka minne, tuseme riba ni asilimia 17 inayohesabiwa kwenye salio linalopungua, rejesho lako litakuwa kama 577,000 kwa mwezi. Kwa miezi 48 utakuwa umelipa karibu milioni 27 na laki 7. Yaani nyumba ya Mbagala ikitoa kila senti iliyobaki baada ya gharama, bado unapungukiwa karibu laki 3 kila mwezi, na hiyo inatoka kwenye mshahara, na itatoka kuanzia mwezi wa kwanza wakati Vikindu pale kuna mchanga tu na matofali yamepangwa. Wenzako wanaokwambia chukua wamekuonyesha hiyo laki 3? Uliza pia riba yao ni ya aina gani, kuna wakopeshaji wanakutajia asilimia ndogo kumbe wanaihesabu kwenye mkopo wote mwanzo mpaka mwisho. Mfano milioni 10 kwa asilimia 12 miaka mitatu, ikihesabiwa kwenye mkopo wote riba ni milioni 3 na laki 6, ikihesabiwa kwenye salio ni kama milioni 1 na laki 9 na nusu. Asilimia ni ileile 12. Kabla ya kusaini omba karatasi yenye rejesho la kila mwezi na jumla utakayolipa mpaka mwisho, usikubali kuelezwa kwa mdomo.

Afu kubwa zaidi ya riba ni hili: milioni 20 ukijumlisha na 9 zako ni 29, na milioni 29 kwa bei za sasa hazimalizi apatimenti nne zenye jiko, choo ndani, vigae, madirisha ya alumini, gipsamu, karo, maji na umeme. Zinafika kwenye lenta, ukijibana sana unapaua. Kisha hela inakata. Na jengo lililopauliwa bila madirisha halikupi hata mia, tena linakula, mana utaweka mlinzi au wataiba nondo na mbao, na mvua mbili tu zinaanza kuharibu ulichojenga. Pita barabara ya Kilwa kuanzia Kongowe mpaka Mkuranga uhesabu mapagale. Wengi wa wenye yale mapagale sio masikini, wana mishahara kama wewe au zaidi, walianza kwa mkopo wa mshahara na ramani nzuri kuliko mfuko. Hela yao imelala pale miaka. Wakati mwingine hata sio kosa la mtu, unapiga hesabu ya saruji kwa bei ya leo, inatokea kama mwishoni mwa 2020 mfuko unaadimika na bei inapaa, bajeti yote inavurugika ukiwa katikati.

Kwa hiyo hapo mumeo yuko sahihi nusu. Kusema usichukue huo mkopo sasa hivi yuko sahihi. Kusema usubiri, hapana, mana kusubiri bila kufanya kitu ndo hiyo miaka mitano unayoilalamikia.

Kwanini benki wamekukatalia mkopo wa nyumba? Hujaniambia walichokujibu lakini nakisia. Mkopo wa nyumba unataka hati. Vikindu una karatasi ya mauziano, hiyo inaonyesha ulinunua kwa nani tu, benki haiwezi kuiandikisha kama rehani. Na kodi ya Mbagala unapokea vipi? Wengine wanakupa mkononi, wengine wanarusha kwenye simu yako ileile unayotumia kutuma hela kijijini na kulipia king'amuzi, si ndio? So benki ikiangalia inaona nesi mwenye mshahara, haioni mwenye nyumba mwenye wapangaji sita. Ndo maana wakakupa cha nesi. Sheria ya mikopo ya nyumba ilipita 2008 na ile kampuni ya kuzikopesha benki hela za muda mrefu, TMRC, ikaanzishwa 2010, lakini mpaka leo mikopo hii ni ya watu wachache na riba zake kwa miaka mingi zimecheza kati ya asilimia 15 na 19, kwa hiyo hata ungepewa usifikirie ni bure. Ila faida yake ni muda mrefu. Rejesho la miaka 15 linaweza kubebwa na kodi ya wapangaji, la miaka minne linabebwa na mshahara wako. Hiyo tofauti ndo inafanya karatasi ziwe na thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Sasa nini ufanye. Mimi ningekuwa wewe hiyo milioni 9 isingevuka daraja la Kongowe. Ingebaki Mbagala, kwenye zile singo nne.

Fikiria. Hapo mtaani kwako singo yenye choo chake inapangwa shilingi ngapi? Usimuulize dalali, yeye atakutajia bei ya kukufurahisha. Jifanye unatafuta chumba, zunguka mitaa mitatu minne Jumamosi, uliza wapangaji wenyewe wanalipa ngapi na wamekaa muda gani. Kama unakuta 80,000 ni bei ya kawaida basi kila chumba chako kinaacha 30,000 mezani kila mwezi, vinne ni 120,000, kwa mwaka 1,440,000. Kama kuweka vyoo vinne na karo mpya kutakula milioni 7, hela inarudi ndani ya miaka mitano bila kununua ardhi, bila kuvuta umeme upya, bila mlinzi, kwenye mtaa unaoujua. Nitafutie apatimenti ya Vikindu inayofanya hivyo kwa milioni 7. Na hapo sijahesabu kwamba mpangaji wa choo chake hahami ovyo, ugomvi wa nani hajaosha choo na nani ana wageni wengi ndo unaowahamisha hao wa kushea, kodi ni sababu ya pili.

Tahadhari ya kiufundi: usikate choo ndani ya chumba kama vyumba vyako ni vile vya futi 10 kwa 12, utabaki na kiboksi, kitanda cha futi tano kwa sita kikiingia mlango haufunguki. Kama kuna nafasi nyuma ya nyumba, jenga vyoo vikiwa vimegusa ukuta wa nyuma, utoboe mlango kutoka kila chumba. Fundi bomba aje kabla ya fundi ujenzi, sio baada. Karo pima na idadi ya watu, na liwe sehemu ambayo gari la kunyonya linafika na mpira wake, nimeona nyumba safi kabisa ambayo karo liko uani na njia ya kuingia ni ya kupita pikipiki, kila likijaa ni vita. Usifanye vyote vinne kwa mkupuo, fanya viwili, ongeza kodi wakati mkataba wa mpangaji unaisha na umempa taarifa mapema, kisha viwili vingine. Baki na milioni 2 benki usiziguse. Hizo ni za chumba kitakachokaa tupu na za bati litakaloezuliwa na upepo, bila hizo kila dharura ya nyumba inageuka kuwa mkopo wa haraka wa kwenye simu.

Na kama nyumba inaangalia barabara yenye watu, tazama kama kuna nafasi ya frem ya duka hata moja mbele. Frem ikiwa sehemu sahihi inaweza kukuletea zaidi ya chumba na sebule na haina choo cha kutunza. Ila ujue mpangaji wa biashara akikulipa anatakiwa akukate kodi ya zuio ya asilimia 10 aipeleke TRA akupe cheti chake, usione kama amekupunja, kile cheti kitunze kinahesabika kwenye kodi yako. Na kabla ya frem nenda manispaa uulize kuhusu kibali na hifadhi ya barabara. Hili la hifadhi sio mchezo. Wa Kimara mpaka Kiluvya 2017 walibomolewa kwa mita 121.5 kutoka katikati ya barabara ya Morogoro, kuna watu humo walikuwa na nyumba za wapangaji kama yako na walikuwa wanalipa umeme na maji kila mwezi kama kawaida. Kuwa na LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, hakukupi uhalali wa kiwanja.

Tukishafika kwenye LUKU, jambo dogo. Kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa humo, na anayenunua umeme ni mpangaji, so wengine watakuambia uwarudishie kwenye kodi ya chumba na wana haki, ile ni kodi ya mwenye jengo. Ukiongeza mita ili kila mmoja awe na yake angalia isije ikawa kila mita inakatwa wakati nyumba ni moja, ikitokea peleka malalamiko urekebishiwe. Mita za kila mpangaji zinapunguza ugomvi kuliko kitu chochote, hasa pakiwa na mwenye friji na mwenye taa moja.

Upande wa karatasi, wakati mafundi wapo Mbagala wewe uko kwenye ofisi. Nyumba ya Mbagala ina nini? Hati, leseni ya makazi au nayo ni mauziano? Kama mtaa umeingia kwenye urasimishaji, yaani kupima na kutoa hati kwa makazi yaliyojengwa bila mpango, uliza mchoro wa mipango miji umefika wapi na kiwanja chako kina namba gani humo, fuatilia mpaka upate hati. Ukiwa na leseni ya makazi tu baadhi ya benki wanaipokea kwa mikopo midogo, ila hati ndo inafungua ile mikopo ya miaka mingi. Iandikwe jina gani ni mazungumzo yako na mumeo, lakini jueni wote kwamba Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka ridhaa ya mwenza pale nyumba ya ndoa inapowekwa rehani, na benki itamtaka aje asaini. Mwanandoa ambaye hakushirikishwa tangu mwanzo ndo anayekwamisha mkopo siku ya mwisho, so daftari ya mahesabu ile niliyokwambia ifanyeni wote wawili mezani.

Kodi ya wapangaji, fungua akaunti moja ya nyumba tu. Wapangaji wote walipe humo, gharama zote za nyumba zitoke humo, mshahara usiingie humo. Baada ya mwaka mmoja na nusu una taarifa ya benki inayosema yenyewe bila wewe kujieleza. Hapa kuna mtego wa kodi ya miezi sita. Wengi mnapenda kupokea miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na mpangaji anaumia kuitafuta, lakini mnaoumia zaidi ni nyie. Inaingia Januari, inakutana na ada za shule, Februari haipo, na una miezi mitano ya kumpa mtu nyumba ambayo tayari umeshaila hela yake. Ukipokea miezi sita, kila mwezi jihesabie moja ya sita tu, iliyobaki bado sio yako. Kwa singo mimi naona miezi mitatu mitatu inatosha, unapata wapangaji wengi wa kuchagua na chumba hakikai tupu muda mrefu. Selfu unaweza kuendelea na sita.

Dalali mtumie ila mwelewe. Anakula kodi ya mwezi mmoja kila chumba kinapopata mtu, kwa hiyo chumba chako kikikaa na mtu mmoja miaka mitatu yeye kala mara moja, kikibadilisha watu kila miezi sita kala mara sita. Usishangae ukisikia ni yeye aliyemwonyesha mpangaji wako mzuri nyumba nyingine mtaa wa pili. Kwa vyumba sita unaweza kabisa kujaza kwa kuwaambia wapangaji waliopo, anayeniletea mtu mstaarabu nampunguzia elfu ishirini kwenye kodi ijayo. Wanajuana, na hawatakuletea mtu wa hovyo wa kukaa nao ukuta kwa ukuta.

Mkataba uandikwe, kila mtu, hata yule wa tangu zamani unayemwita mdogo wangu. Namba ya NIDA, anakofanya kazi, watu wangapi watakaa, kodi lini, taarifa ya kuhama mwezi mmoja au zaidi, nani anatengeneza nini. Mkataba wa pango una ushuru wa stempu asilimia 1 ya kodi ya mwaka, kwa selfu yako ya 120,000 ni 14,400, lipa, mana mkataba usiolipiwa ushuru unaweza kukataliwa kama ushahidi siku mkigombana. Na mkigombana usithubutu kung'oa mlango, kukata umeme wala kutoa vyombo nje, najua hasira ya kudaiwa miezi minne na mtu anayekula chipsi kuku kila siku, lakini siku ukifanya hivyo kesi inageuka, yeye anakuwa mlalamikaji. Anzia serikali ya mtaa, baraza la kata kwa usuluhishi, ikishindikana Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ni safari ndefu. Dawa ni kuwa mkali siku ya kwanza ya kuchelewa, mwezi wa kwanza, sio kunyamaza mpaka wa nne.

Sasa Vikindu. Kwanza hizo apatimenti umezitoa wapi? Umeuliza nani atapanga apatimenti ya jiko na sebule Vikindu kwa kodi itakayorudisha hela yako? Huko kuelekea Mkuranga kuna viwanda vingi na wanaotafuta vyumba kwa wingi ni wafanyakazi wa viwanda na vibarua, mtu anataka chumba kimoja safi, choo chake, maji yasiyokatika na mlango unaofunga vizuri, anataka alipe kidogo awe karibu na kazi. Familia yenye uwezo wa kulipa apatimenti kwa sasa bado inatazama Mbagala, Kijichi, Toangoma, karibu na mjini. Itabadilika, mji unasogea kusini na mwendokasi umefika Mbagala, lakini wewe unajenga kwa mpangaji wa mwaka huu na ujao, sio wa 2035. Niliona hili hata Dodoma baada ya serikali kutangaza 2016 kwamba inahamia kule, walioanza na vyumba vidogo vya kukamilika haraka walianza kula kodi wakati wenye ramani za ghorofa bado wanamwaga zege. Na sasa nasikia watu Arusha wanakimbiza nyumba kwa ajili ya wageni wa AFCON 2027, sawa, mashindano yakiisha yatakuwa yameisha, nyumba itabaki inatafuta mpangaji wa kawaida.

Kwa hiyo ukishamaliza Mbagala, na kama mwaka mmoja na nusu mbele ile 281,000 imekuwa inakaribia laki 4, ndo unaingia Vikindu. Ramani chora ya eneo lote, vyumba vyote unavyotaka kuwa navyo miaka kumi ijayo, ujue karo litakaa wapi, tenki la maji wapi, geti wapi, uombe kibali cha ujenzi kwa hiyo ramani. Lakini jenga viwili tu. Viwili selfu, msingi mpaka rangi, viishe kabisa, watu waingie. Kodi yao na ya Mbagala ijenge viwili vinavyofuata. Usimwage msingi wa vyumba kumi kwa sababu fundi amekwambia ni nafuu ukimwaga wote kwa pamoja, ni nafuu kwake. Hapo kama kuna pengo dogo la kumalizia, mkopo wa SACCOS ya kazini wa milioni 3 au 4 kumalizia vyumba viwili ambavyo tayari vina bati sina shida nao kabisa, mana mwezi wa pili baada ya hapo kuna mtu anakulipa. Mkopo wa kumalizia ni tofauti na mkopo wa kuanzia, benki kadhaa pia zina wa namna hiyo ukishakuwa na hati na ile akaunti yenye historia. Kwa mwendo huo kutoka 6 kwenda 20 ni kama miaka minane mpaka kumi. Najua ulitaka kusikia mitatu.

Kitu kimoja kitakachobadilika ukivuka vyumba kumi na mbili hivi ni wewe mwenyewe. Una shifti za usiku, huwezi kuwa unapigiwa simu saa nne usiku kwamba koki ya Vikindu imepasuka. Tafuta mpangaji mmoja mtulivu kila nyumba, mpunguzie kodi, awe macho yako, afungue geti kwa fundi. Kukusanya hela usimpe, hela iende akaunti. Ndugu usimpe usimamizi kama huwezi kumfukuza, na hapo naishia mana kila familia inajijua.

Kuhusu kuuza kiwanja, kwa sasa usiuze, na usijenge. Kwanza hakikisha ni chako. Nenda halmashauri ya Mkuranga ofisi ya ardhi na mipango miji, uliza eneo lile limepangwa kuwa nini, limepimwa, kuna mradi, liko kwenye hifadhi ya barabara au bonde. Kama kuna mto au kijito karibu kumbuka sheria ya mazingira ya 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60. Kama limekwishapimwa omba upekuzi ujue limeandikwa jina la nani, kama halijapimwa muulizie mpima kuhusu gharama mkiwa majirani watano sita kwa pamoja, inashuka sana kuliko ukienda peke yako. Tafuta aliyekuuzia na mashahidi waliosaini wakiwa bado hai na wanapatikana, uwe na namba zao na nakala za vitambulisho. Ukigundua limepangwa kuwa shule au soko, au watu wawili wameuziwa, hapo ndo tunaongea mengine, na itakuwa ni bahati umejua kabla ya kumwaga milioni 29. Likiwa safi, weka mipaka, panda hata miti, liache litulie mpaka Mbagala iishe. Na likija kuuzwa siku moja kumbuka kuna kodi ya asilimia 10 kwenye faida, so risiti za kununua, kupima na kila ulichokifanya pale zitunze kuanzia leo, zote, hata ile ya yule aliyekufyekea.